Sura Ndefu

Kitanda cha marehemu kilikuwa kimelowa. Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa ajili ya cherehani yake, aligusa godoro kwa kiganja, akanusa. Maji matupu. Tangu mama yake azikwe, siku kumi na nane, chumba kile kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikaa kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na vifungo vya sare za shule.

Akaanika godoro, akanyamaza. Kunyamaza alishakuzoea. Waliokuja kuhani wote walimsifu: "Mama kaondoka bintiye yuko kwenye mswala. Heri gani tena unataka?" Kila sifa ilimchoma, naye akaitikia alhamdulilahi kama anayemeza dawa chungu. Kazi ya Mungu haina makosa, walimwambia. Ya kwake je?

Alasiri ile akatandika mswala. Alipopiga takbira tu, akasikia kutoka chumbani: "Mwanangu... maji."

Sauti ile ile, na mkwaruzo wake. Ikaja na harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyomsugua nayo mama magotini kila asubuhi, ikaita tena, sasa mlangoni, kisha nyuma ya kisogo chake, na pumzi baridi ikampita sikioni huku yeye amesujudu, anaogopa kuinuka, anaogopa kubaki, maana alijua akigeuka atamwona, na asipogeuka atakuwa amemfanyia vile vile mara ya pili.

Alikimbia pekupeku hadi kwa mwalimu wa madrasa, anayewasomea wenye majini.

"Aliyekufa harudi kuomba maji," mwalimu alinong'ona. "Huyo ni jini, kavaa sauti ya mama yako. Lakini haingii pasipo na ufa. Ulifanya nini, binti?"

Hapo ndipo Fundi alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Aliniita nikiwa naswali. Alikuwa ananiita tangu alfajiri, mwalimu, nimechoka, na sare arobaini zinanisubiri. Nikachagua sura ndefu. Makusudi, ili asubiri. Nilipotoa salamu, ameshakata roho."

Mwalimu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Swala hukatwa kumwokoa mtu. Ungeikata. Nitakuja kusoma, lakini wewe mwambie kaka yako ukweli. Jini huyu anakula siri. Akikosa chakula atahama."

Mwalimu alikuja, akasoma kila pembe ya nyumba, akaenda zake. Fundi akamkalisha kaka yake sebuleni, akamwambia yote bila kupumua, akangoja kofi.

Kaka aliangalia miguu yake.

"Nilimsikia," alisema taratibu. "Nilikuwa hapo kibarazani, naangalia mpira kwenye simu. Nikasema, si bintiye yupo."

Fundi akajisikia mwepesi, kisha akauonea aibu wepesi huo. Wakakaa hapo, watoto wawili wa mama mmoja, hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Ghafla kaka akashika kisogo chake. Akageukia mlango wa chumba cha marehemu.

"Umesikia?" akanong'ona. "Ananiita mimi."

Fundi alitega sikio. Hakusikia kitu, hakunusa kitu. Na, Mungu amsamehe, akashukuru.