Mke wa Maonyesho ya Jumamosi

"Umeniweka kwenye ratiba," Sefakor alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa lake la nne, chaki mkononi, kwa upande wa nje. Ndani kulikuwa na binti wa Kizungu mwenye fulana ya njano, akiwafundisha watoto kugusa magoti. Kila baada ya wiki chache kundi jipya la watu wa kujitolea hushushwa hapa kijijini Tsivenya kutusaidia kwa siku kumi na nne, na kila kundi huanza na magoti. Kufikia Juni makundi yalikuwa yamefika sita. Watoto wetu walikuwa wanalijua goti kwa Kiingereza kuliko daktari wa mifupa. Kugawanya kwa tarakimu mbili walikuwa bado, maana mwalimu wa kugawanya alikuwa anasimama nje.

Edudzi, mratibu wa wageni hao na mchumba wa Sefakor kwa miaka minne, aliitazama karatasi aliyonyooshewa kana kwamba hautambui mwandiko wake mwenyewe.

"Ratiba ipi?"

"Nikusomee? Ijumaa, safari ya maporomoko ya maji. Jumamosi saa nne asubuhi, kubisha hodi kwa jadi. Jumamosi saa nane, somo la ngoma. Hiyo ya saa nne ni mimi, Edudzi. Ndugu zako wanakuja kunichumbia, na wewe umenibana katikati ya maporomoko na ngoma."

"Sefa, safari hii hatuigizi. Nataka waone kitu halisi."

"Wamelipia na picha?"

"Watakaa nyuma kimya."

"Machi ulinitoa darasani ili ukuta upakwe rangi. Nikanyamaza. Aprili ukapakwa tena, juu ya ile ile. Mei sijui rangi gani, watoto wakarudi nyumbani na nywele za bluu, wazazi wakanijia mimi. Nikanyamaza kwa sababu ya mkate wako. Sasa hata posa yangu ni ya wageni?"

Edudzi alimwambia kwa upole kwamba bila wageni hana kazi, na bila kazi hana harusi. Sefakor akamjibu kwamba bila harusi angalau angekuwa na darasa. Wakaachana hapo kwa sauti ambayo hata yule binti wa magoti aliisikia, akawaongoza watoto kuimba kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo alikubali. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alimpenda yule kijana mwenye meno mazuri na ahadi nyingi, na chupa ya shinapu, kile kinywaji kikali cha posa, ilikuwa imeshanunuliwa.

Hapa naomba msomaji atulie, nieleze jambo kwa heshima inayostahili. Kwetu, ndugu za mwanamume hubisha hodi wakiwa na kinywaji. Kinywaji hakifunguliwi mpaka binti aulizwe mbele ya watu mara tatu: tukipokee? Akijibu ndiyo mara tatu, baba wa nyumba anamwaga kidogo chini kuwajulisha waliotangulia, na mengine yote baada ya hapo ni chakula tu.

Shirika la akina Edudzi liliona jambo hilo ni zuri mno kuachiwa watu wanaooana. Kwa hiyo kila kundi lilipoletwa, mgeni mmoja alivikwa kitambaa cha kente akawa bibi harusi, na mfanyakazi mmoja akawa bwana harusi kwa zamu. Dereva alishaoa hivyo. Mpishi pia. Mlinzi, ambaye tayari alikuwa na wake wawili waliomshinda, aliongezewa wa tatu kutoka Bremen. Zamu ya Edudzi ilikuwa Machi, na bibi harusi wake alikuwa Mholanzi aitwaye Femke. Baba wa bibi harusi katika maonyesho yote alikuwa mmoja, Baba Mkubwa Agbenyega, kwa kuwa ana ua mpana, sauti nzito, na hajawahi kukataa chupa.

Na Baba Mkubwa Agbenyega ndiye aliyemlea Sefakor.

Jumamosi saa nne, ndugu za Edudzi walifika. Shangazi yake, Yawa, ndiye aliyekuwa msemaji, na chupa aliibeba kichwani kwenye beseni jipya. Wageni kumi na wawili wa fulana za njano walipangwa nyuma kwenye viti vya plastiki, simu juu. Sefakor alitoka amevaa, akakaa, akatazama chini kama inavyotakiwa.

Shangazi Yawa alisema wameona ua katika nyumba hii, wamekuja kuomba kulichuma. Alisema vizuri. Kila mtu alimtazama Baba Mkubwa, ambaye sehemu hii aliijua kwa moyo.

Aliitazama ile chupa kwa muda ambao haukuwa wa kawaida yake.

"Yawa," alisema mwishoni, "mimi nina tatizo. Huyu kijana ni mkwe wangu tayari."

Shangazi Yawa alicheka kidogo. "Ndicho tunachoomba, Mzee."

"Hapana. Machi alikuja hapa hapa, akakaa pale pale. Binti aliulizwa mara tatu akasema ndiyo mara tatu. Nikamwaga. Niliwataja baba yangu na babu yangu kwa majina, nikawaambia Edudzi ameoa kwetu."

"Baba, ile ilikuwa michezo," Edudzi alisema.

"Kwako. Mimi sijui namna ya kumwaga kinywaji nikawaambia waliolala kwamba tunacheza. Hakuna maneno ya hivyo."

"Na dereva je? Na mlinzi?"

"Dereva hajaja kwangu kuomba binti mwingine. Akija nitamwambia haya haya. Wewe umeoa mlango huu, na leo unaubishia hodi tena kama mgeni. Mke wa kwanza hajasema neno. Arudishe kinywaji kwanza."

Kukawa na minong'ono. Shangazi Yawa akasema hajavuka mto kuja kusikia habari za Mholanzi. Akauliza kama mzee ameanza kunywa tangu alfajiri. Baba Mkubwa akamjibu kwamba angekuwa amekunywa mambo yangekuwa rahisi zaidi. Kaka yake Edudzi akataka beseni lirudi kichwani waondoke. Sauti zilipanda, na wale wageni, Mungu awasamehe, walisogeza viti karibu.

Sefakor ndiye aliyeinua uso.

"Baba Mkubwa, kinywaji kinarudishwaje?"

"Mke anasema mara tatu kwamba hakitaki. Basi."

"Akisema kwa simu?"

Baba Mkubwa alifikiri. "Mdomo ni mdomo."

"Basi apigiwe simu aseme, tumalize. Ni dakika mbili."

"Sefa, hana mtandao kule," Edudzi alisema haraka.

"Uholanzi?"

"Yuko kazini. Na namba yake sina tena."

Sefakor alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha aligeuka nyuma akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu anayemfahamu Femke wa kundi la Machi. Kiongozi wao, Marloes, dada mwenye furaha isiyopungua, aliruka kutoka kitini. Yeye na Femke walisoma pamoja. Namba alikuwa nayo. Kabla Edudzi hajafika, simu ilishaita, sauti ikiwa imefunguliwa kwa ua mzima.

Pale palikuwa na tatizo moja dogo. Wazee wale Kiingereza hawakijui, na mtu aliyekijua vizuri kuliko wote ni mwalimu wa darasa la nne. Kwa hiyo Sefakor alisimama katikati ya ua, simu mkononi, akawa mkalimani wa posa yake mwenyewe.

Femke alipokea akicheka. Sefakor akamwambia yuko mbele ya baba yake wa Tsivenya, na kwamba mzee ana swali. Kila jibu alilitafsiri kwa sauti moja, kama mtu anayeita mahudhurio.

"Anasema anamsalimia baba yake. Anauliza mguu wako umepona?"

"Mwambie umepona," Baba Mkubwa alisema, amelainika. "Muulize kama anarudisha kinywaji cha Edudzi."

Sefakor akauliza. Femke akaongea kwa kirefu, na tukaona vidole vya Sefakor vikibana ile simu.

"Anasema kwa nini arudishe. Anauliza kuna tatizo gani na mahojiano."

"Mahojiano gani?" aliuliza Shangazi Yawa.

"Ya ubalozini. Tarehe kumi na nane. Anasema Edudzi anakwenda kuishi naye kama mume. Video ya Machi wameipeleka iwe ushahidi wa ndoa, pamoja na barua ya baba wa bibi harusi."

"Barua ya nani?"

"Yako, Baba Mkubwa. Anasema ina dole gumba lako."

Mzee alitazama dole gumba lake kana kwamba limetoroka nyumbani bila ruhusa. Kisha akamtazama Edudzi.

"Uliniambia ni karatasi ya kukodi viti."

"Baba, nilikuwa nitaeleza."

"Ulikuwa utaeleza lini? Ukishafika?"

Upande wa pili, Femke alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. Akauliza jambo kwa sauti ya chini. Sefakor akalitafsiri hilo nalo, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

"Anauliza mimi ni nani."

Edudzi alitikisa kichwa, akimwomba kwa macho.

Sefakor akaisogeza simu mdomoni. "Mimi ni mkalimani," alimjibu.

Kisha akamuuliza kama desturi inavyotaka. Je, unakirudisha kinywaji? Hapana, alisema Femke, ninampenda mume wangu. Unakirudisha? Hapana. Unakirudisha? Hapana, na sasa alikuwa analia kidogo, bila kujua kwa nini anaulizwa. Sefakor alimshukuru, akakata simu, akamrudishia Marloes kwa mikono miwili.

"Mke amekataa mara tatu, Baba Mkubwa. Huyu ni mume wa mtu. Chupa yao irudi."

"Sefa," Edudzi alisema, "nisikilize basi."

"Miaka minne nimesikiliza. Hukuwahi kusema neno ubalozi."

"Ningekwenda, ningekuja kukuchukua."

"Kwa hiyo leo ulikuja kufanya nini? Kuniwekea alama nisichukuliwe na mwingine?"

Shangazi Yawa, mwanamke wa haki pamoja na mdomo wake, alimwinamia Baba Mkubwa kuomba radhi, akaibeba chupa, na alipompita mpwa wake alimsonya kwa urefu wa ua mzima.

Hapo ndipo wale kumi na wawili walipopiga makofi. Walisimama kabisa. Marloes alikuwa na machozi, akamwambia Sefakor kwamba hajawahi kuona uigizaji wa kweli namna ile. Sefakor alimwambia asante, saa nane kuna ngoma.

Jioni ujumbe ulianza kuingia.

"Sefa ni makaratasi tu. Nakupenda wewe peke yako."

"Makaratasi yenye kidole cha baba yangu."

"Yule hana maana kwangu. Nipe miaka mitatu. Nikipata ukaazi namwacha siku hiyo hiyo nakuja kukuoa. Nakuapia."

Sefakor aliusoma huo wa mwisho mara mbili. Akamtumia Marloes ujumbe kuomba ile namba. Kisha akakaa kitako, akautafsiri kwa Kiingereza kizuri cha mwalimu, sentensi kwa sentensi, hakuongeza neno wala hakupunguza, akautuma Uholanzi pamoja na picha ya ule wa asili na tarehe yake.

Jibu lilikuja kesho yake mchana.

"Wewe si mkalimani."

"Nilikuwa, jana asubuhi."

"Nimeiondoa barua ubalozini. Mwambie baba pole kwa kidole chake. Kurudisha kinywaji nafanyaje?"

"Unasema mara tatu. Nitakuwekea sauti kubwa."

Baba Mkubwa aliipokea talaka hiyo akiwa amevaa nguo yake nzuri, akamwaga maji kwa kukosa kitu kikali, akawaeleza baba na babu yake kwamba kulitokea fujo. Jumatatu aliwaambia watu wa shirika kwamba ua wake umefungwa kwa maonyesho. Siku hiyo hiyo Sefakor aliingia darasani kabla ya kengele, akamwonyesha yule binti wa magoti dawati tupu la nyuma, akamwambia anakaribishwa kukaa na kujifunza. Binti alikaa. Inasemekana kugawanya kulimtoa jasho.

Edudzi sasa akawa hana mke upande wowote wa dunia. Shangazi Yawa alikataa katakata kumsindikiza tena, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alikuja peke yake, chupa mkononi, bila beseni.

Alibisha hodi. Baba Mkubwa alikuwa shambani. Akabisha tena, akaita jina.

Sefakor alikuwa ndani akisahihisha madaftari ya kugawanya. Mtoto mmoja alikuwa ameandika jibu sahihi lakini amesahau baki. Alichukua kalamu nyekundu, akaliandika baki mahali pake, akafungua daftari lingine.

Hodi ikabishwa mara ya tatu. Sefakor akageuza ukurasa.