Alama Iliyokataa Kufutwa

Jua lilikuwa linazama, na Dada Mkubwa bado yuko barazani kwa mama yake, akigombana na simu. Alikuja kumchukua mama akaishi naye mjini. Mama alikubali kwa mbinde, baada ya miaka ya wimbo uleule: baba yenu akirudi atakuta mlango umefungwa. Baba alikuwa dereva wa lori. Lori lilikutwa porini, limeegeshwa vizuri kando ya barabara. Yeye hajakutwa mpaka leo.

Mama angeweza kugeuza nia wakati wowote. Safari ilitakiwa ianze sasa hivi, na ramani nayo ilikuwa imeazimia kumtia wazimu.

Aliitengeneza mwenyewe mtandaoni, kwenye ramani zile za bure: hapa mafuta, hapa choo safi, hapa mama anyooshe miguu. Akawatumia ndugu zake kiungo, akasahau kuzuia watu wasiongeze alama zao. Basi ikazuka alama nyekundu katikati ya pori lilelile, yenye neno moja.

Nipitieni.

Akaifuta. Ikarudi. Akamshuku Domo, kitinda mimba wao, mtu wa mizaha hata msibani. Akampigia, akamsema mpaka koo likamkauka.

"Dada, hiyo ramani hata sijaifungua," Domo alijibu taratibu. "Halafu huo si utani wa kufanya."

Akawaondoa wote kwenye ramani, akabaki peke yake. Akafuta tena.

Ikarudi...

Akaitupa simu kwenye pochi na kuwasha gari. Mizigo ilikuwa kwenye buti, mama kiti cha nyuma, peke yake. Aliapa kwamba pale porini hatapunguza hata mwendo.

Giza lilipoanza kuingia, wakiwa palepale porini, mama akasema amebanwa.

Dada Mkubwa akamwomba avumilie, choo safi kiko mbele kidogo, alikitafuta kwa ajili yake. Mama akasema hapahapa. Dada Mkubwa akasimamisha gari huku hasira zimemjaa kifuani. Kazi yote ile ya kupanga, halafu mtu anataka kichaka! Mama akashuka, akapotea nyuma ya miti. Hakuna ndege aliyelia. Mama akakawia.

Akarudi anatabasamu. Akaingia, akauacha mlango wazi kwa muda kama anayempisha mtu, kisha akaufunga.

Harufu ikaingia. Dizeli na tumbaku.

Ti... ti... ti...

Ilikuwa kengele ya mkanda. Kwenye kioo Dada Mkubwa alimwona mama amejifunga wake. Taa iliyowaka ilikuwa ya kiti cha pembeni ya mama, ambacho hakikuwa na kitu.

Mama akanyoosha mkono, akauvuta ule mkanda, akaufunga.

Kengele ikanyamaza.

"Twende, mwanangu," mama alinong'ona. "Sasa hata ule mlango wa nyumba yetu nimeridhika uwe umefungwa."

Dada Mkubwa akaitoa simu. Porini hakukuwa tena na alama. Akashusha pumzi, mpaka alipoisogeza ramani hadi mjini. Alama ilikuwa juu ya nyumba yake, ileile nyekundu, na neno lilikuwa jipya.

Nyumbani.

Kidole kikaenda kufuta.

"Mwache," mama alisema kule nyuma, ambako simu isingeonekana. "Amesubiri sana."