Tai wa Malinalco

"Uko wapi, Baba Abi?"

"Kazini, mke wangu. Si nilikwambia bosi kanibana?"

"Kazini?"

"Kazini kabisa. Hapa nimeiba dakika mbili tu nikusikie sauti. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Kazi njema."

Valeria akakata simu, akairudia ile meseji iliyoingia muda mfupi kabla. Ilitoka kwa Erick, anayefanya kazi ghala moja na mumewe.

"Shemeji, mnaturingia tu huko Meksiko! Mwambie Dismas ale likizo yake yote ya wiki mbili, bosi mwenyewe kambariki. Mtuletee pilipili."

Likizo. Wiki mbili. Na Dismas yuko "kazini kabisa".

Alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe, katikati ya mlima, binti yake Abigael wa miaka mitatu kamwegemea akilamba barafu ya ndimu. Chini yao mji wa Malinalco ulikuwa umekumbatiwa na milima: mapaa ya vigae, vikanisa vya rangi rangi kila mtaa, na konventi kubwa ya mawe, nyumba ya watawa iliyojengwa enzi za Wahispania. Safari hii waliipanga mwaka mzima. Ilikuwa iwe fungate yao, maana walipooana Moshi walikaa siku sita tu kisha wakapanda ndege ya Toronto, wakapokelewa na theluji. Siku tatu kabla ya kuondoka, Dismas akarudi nyumbani uso umemshuka. Bosi kagoma, nendeni nyie. Na yeye Valeria akamwonea huruma! Akampikia hadi supu ya ndizi!

"Kuna nini?" aliuliza Otilia.

Otilia alikuwa mwenyeji wao, mzaliwa wa mji ule, anayesoma na Valeria darasa la jioni la kuhudumia wazee kule Toronto. Ndiye aliyesema, njooni wote watatu mlale kwa mama yangu.

"Mume wangu yuko likizo, Otilia. Ananiambia yuko kazini."

"Ana mtu?"

"Sijui. Yaani sijui kabisa."

Otilia akamtazama, akamshika mkono.

"Basi simama tumalize ngazi. Ukilia katikati ya mlima utachoka mara mbili, na huyu mtoto mimi simbebi peke yangu."

Valeria akacheka huku machozi yanamtoka. Wakapanda.

Huko juu kulikuwa na hekalu la kale. Walichungulia mlangoni. Ndani, sakafuni, kulikuwa na tai wa jiwe, mbawa kazitandaza.

"Mawe yote haya waliyapandishaje huku?"

"Hawakupandisha hata moja," alisema Otilia. "Waliukuta mlima, wakauchonga. Chumba, ngazi, tai, vyote ni mwamba mmoja."

Valeria akapiga picha ya yule tai, akamtumia Dismas. Ndipo akakumbuka kuwa amekasirika. Mkono ulishazoea: kila kizuri anachokiona, wa kwanza kuonyeshwa ni Dismas. Hilo ndilo lililomuuma kuliko vyote. Akaandika haraka:

"Erick kaniambia uko likizo. Usije uwanjani. Nikitua Jumamosi naenda kwa dada Sara Mississauga, mimi na mtoto."

Dismas akapiga simu mara kumi na moja. Valeria hakupokea.

Siku zilizobaki, mama yake Otilia, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, alimwandalia samaki wa mtoni na tortilla za moto, zile chapati za mahindi, bila kuuliza kwa nini macho yamevimba. Walizunguka kwenye konventi, kuta zimechorwa ndege na maua tangu karne na karne, Abigael akawapungia mkono mmoja mmoja. Valeria alishukuru kwa kila sahani na kila ua. Hata hivyo, usingizi ulimpaa.

Jumamosi mchana, uwanja wa ndege wa Pearson kule Toronto, Otilia alichukuliwa na kaka yake. Valeria akampigia dada yake.

"Niko hapa nje," alisema Sara. "Fanya upesi, hawataki gari lisimame."

Milango ya wanaowasili ikafunguka. Dismas huyo hapo. Kavaa suti ya harusi, imembana tumboni. Mikononi kashika jani moja refu la kijani, kalifunga fundo.

"Dadi!" Abigael akamkimbilia miguuni.

Valeria hakusogea. Hilo jani alilijua. Isale. Kwa Wachagga, watu wa kina Dismas, mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na halikataliwi.

"Nilikwambia usije."

"Uliniambia. Nimekuja."

"Isale Toronto umelitoa wapi wewe?"

"Kwa daktari wa meno."

"Wapi?"

"Wanayo kwenye chungu pale mapokezi, wao wanadhani ni pambo. Sikuiba, nilimwomba dada wa mapokezi, Shireen. Akaniuliza la nini, nikamweleza. Akasema kata refu."

Valeria aliuma mdomo asicheke.

"Mama yako aliniambia siku ya harusi, anayeletewa isale hakatai. Lakini pia aliniambia, anayelileta hutaja kosa lake lote. Taja, Dismas. Ni nani huyo?"

"Nani? Hakuna nani, Vale! Ni kadi."

"Kadi gani?"

"Kadi yangu ya ukaazi. Iliisha Machi. Ningetoka Canada, ndege ya kurudi wasingenipandisha."

"Uliniambia umeshatuma fomu!"

"Nilidanganya. Ulinikumbusha mara tatu. Unatoka darasani umechoka, unamwogesha mtoto, na bado unanikumbusha mimi, mtu mzima. Niliona aibu. Uongo wa kwanza ukataka wa pili, wa bosi. Wa tatu ukausikia mwenyewe kwenye simu."

"Na likizo uliifanyia nini?"

"Siku ya kwanza nilituma fomu, risiti hii hapa. Zilizobaki nilikaa nyumbani. Twende utaona."

Simu ikaita.

"We Valeria, uko wapi?" Sara aliwaka. "Nafukuzwa huku!"

"Dada, zunguka mara moja."

"Nizunguke? Kuna nini?"

"Dismas kaja na isale."

Sara akashusha sauti:

"Hilo jani la kwao? Haya, nazunguka. Mfanye aongee vizuri."

Valeria akamtazama mumewe na ile suti.

"Nilipita ngazi mia nne nikidhani sina mume. Usinirudishe pale. Hata ukiharibu, uniambie umeharibu."

"Nitakwambia."

Akanyoosha mkono, akalipokea jani.

Sara aliwabeba wote hadi nyumbani kwao Lawrence Heights, akimsema shemeji yake njia nzima. Walipofungua chumba cha mtoto, ukutani kulikuwa na ndege mkubwa, mbawa kazitandaza, rangi bado inanuka.

"Chicken!" Abigael akashangilia.

"Ni tai, mwanangu," Dismas alijitetea. "Wa kwenye picha ya mama. Ulinitumia ukiwa na hasira nami, Vale, na bado ukanionyesha. Nikasema huyu namchora."

"Shemeji, huyo ni kuku," alisema Sara.

Valeria alicheka hadi akakaa sakafuni. Halafu akamvuta mumewe akae karibu naye, akalaza kichwa kwenye lile bega la suti, kimoyomoyo akimshukuru Mungu kwa mwanamume asiyejua kuchora.

Wiki ya saba barua ikafika. Dismas hakuifungua. Alimsubiri mkewe atoke darasani, akampa bahasha. Ndani, kadi mpya.

Valeria akachukua simu, akamwandikia Otilia:

"Mwambie mama aongeze sahani moja. Safari hii tunakuja watatu."