Shamba la Charline

Kilichoibwa nyumbani kwa Kambere, mtaa wa Himbi, kilitosha kiganjani: mashine ya gemu ya marehemu Charline, binti yake wa pekee. Dirisha lilivunjwa. Televisheni iliachwa. Mlinzi Baharanyi alisema hakusikia kitu, na kwa kutosikia huko akapelekwa kasho, mahabusu ya polisi.

Inspekta Deborah alimkuta Kahindo, mama wa mtoto, ameketi juu ya kitanda kisicho na shuka. Jumamosi wanamaliza matanga. Ndugu wanashuka kutoka Butembo, naye alitaka waone gemu ambamo binti alikuwa akilima shamba lake, jina lake likiwa limeandikwa pale langoni.

"Mwili tulizika," alisema. "Yeye alibakia mule."

Chini ya kitanda Deborah aliokota kikasha kitupu chenye picha ya kifaa kidogo cha kuchomeka. Mama hakukijua. Kambere naye alisema hakijui, tena kabla hajakitazama vizuri.

Kesho yake Deborah akakipeleka Birere kwa Samy, muuza gemu. Samy alicheka. Hicho ni cha kudanganyia, alieleza: ukikichomeka, mchezaji hafi wala mali haimwishii. Alikiuza juzi kwa muzee mmoja.

"Vijana wanaulizaka risasi," alisema. "Ule muzee aliniuliza kama inajua kupalilia."

"Ukamjibu nini?"

"Inajua. Lakini asichomoe kazi ikiwa katikati. Itafuta yote."

Deborah hakuhitaji kuuliza zaidi. Alimwita Kambere kituoni.

"Dirisha ulivunja na nini?"

"Mama Inspekta, mwizi…"

"Mwizi gani anaacha televisheni? Baharanyi amelala juu ya simenti, papa Kambere. Na ulimwona akifungwa pingu."

Kambere aliangalia mikono yake.

"Na mchi," alisema.

Kisha akasema yote. Tangu mtoto afe, hakuna aliyemwagilia lile shamba. Mahindi yalikauka, magugu yakafika mlangoni pa nyumba.

"Ndugu zangu ni wakulima. Wangekuta shamba ya mutoto wangu imekuwa pori. Nilitaka ikuwe kijani, hata siku moja tu. Na ikakuwa kijani, niliiona. Halafu nikasikia mama yake anakuja, nikachomoa haraka. Kuwasha tena, ikaniuliza jina la mchezaji mupya."

"Mashine iko wapi?"

"Dukani, chini ya magunia ya maharagwe. Nilisema heri Kahindo amlaumu mwizi kuliko anilaumu mimi."

Deborah aliagiza mlinzi afunguliwe. Baharanyi akapita amebeba viatu mkononi, bila kumtazama bosi wake.

"Kwa kudanganya polisi utajibu," Deborah alisema. "Lakini kwanza nenda ukamwambie mkeo."

Kambere hakusogea.

"Mama Inspekta, nafasi si imepatikana kule ndani? Nifungeni mimi. Hata hadi Jumamosi."

Deborah alikwenda akafungua mlango wa barabarani, akaushikilia.

"Mama Charline anakungoja."