Jina Lisiloonekana Kwenye Diskete

Soko la Sterio, Temeke, Jumamosi. Mvua imetoka kupiga na watu wanasukumana kama vile kesho hakuna soko. Ndipo diskete ilipochomoka mfukoni mwa shati la Mfaume ikatua kwenye kikapu cha Mwajabu, katikati ya uduvi aliotoka kununua.

“Kaka, hiki kidude chako kimefuata uduvi wangu?”

Mfaume akageuka. Gauni la kitenge cha zambarau, ushungi mweupe, na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Akasahau kilichompeleka sokoni.

“Samahani, dada. Humo mna kazi zangu zote za kompyuta.”

“Basi zitanukia.”

Mwaka huo wa 1996 kompyuta za Magomeni zilikuwa za kuhesabika. Mfaume alikuwa na moja, kwenye kiofisi cha kuchapia watu barua, na akikosa mteja alijifundisha kuandika programu kwa lugha ya C. Mwajabu, karani wa shule huko Chang'ombe, akaja kuona hicho kidude kinafanya nini. Akarudi kesho yake. Mwisho akawa na kiti chake pale, na mapenzi yakakolea.

“Humu ndani nimekutengea mahali pako,” Mfaume alimwambia, akigonga diskete. “Binadamu huongopa, mashine haiongopi.”

Programu aliyojivunia ilifanya kazi moja: kusoma diskete na kuorodhesha kila kilichomo, jina na aina yake. Ijumaa mjomba wake angepeleka barua ya posa kwa shangazi aliyemlea Mwajabu.

Jumatano Mwajabu akamkosa ofisini, ameenda kuswali alasiri. Akakaa, akaiendesha programu mwenyewe kama alivyofundishwa. Salma, faili. Clara, faili. Najat, faili. Tabu, faili. Akarudia, akarudia tena. Wanawake wanne, na Mwajabu hayumo. Akachukua mkoba wake akaondoka, hajui alie au atukane.

Asubuhi simu ya ofisini ikalia.

“Mfaume, kesho barua isije. Nimeshamwambia shangazi asiipokee.”

“Mpenzi, kulikoni? Nani kakwambia nini?”

“Mashine yako. Si haiongopi? Salma nani? Clara nani?”

“Wateja hao, mama. Nimewachapia barua za kuomba kazi.”

“Sawa. Na mie niko wapi?”

Simu ikakatwa. Mfaume akaiendesha programu, akatoa macho. Kweli, hayumo. Na alimweka kwa mkono wake mwenyewe. Amemfuta? Lini? Hajakaa sawa, umeme wa mgao nao ukakatika mpaka Ijumaa mchana. Mjomba akauliza twende au tusiende, Mfaume akamwambia atangulie na bahasha, angoje nje.

Umeme uliporudi akaisoma programu mstari kwa mstari, jasho likimtiririka. Ndipo akaona. Pale anapoiamuru kompyuta itafute vilivyomo, kwenye nafasi ya kutaja aina ya vitu aliandika sifuri, na kwa sifuri inaleta mafaili ya kawaida tu. Dairektori, yaani kabati la kuwekea mafaili, inalipita kana kwamba halipo. Diskete zote alizoijaribia programu hiyo mwanzo hazikuwa na kabati hata moja. Mjinga mie, akajisemea. Akarekebisha, akapiga simu shuleni.

“Njoo mara moja tu. Ukiona bado hunitaki, basi.”

Mwajabu akaja na sura kavu kama kiangazi. Kiti chake hakukikalia. Mfaume akabonyeza. Wale wanne wakatokea tena, kisha mstari mpya: Mwajabu, dairektori.

“Hao wana faili moja moja,” akasema taratibu. “Wewe una kabati zima. Programu yangu ndiyo ilikuwa haijui kutazama makabati.”

Akalifungua. Posa1, Posa2, mpaka Posa9.

“Nini hizi?”

“Barua yako. Mjomba kaikataa mara nane, eti sina adabu ya kuandika posa.”

Mwajabu akaisoma ya tisa yote, midomo ikicheza. Sasa akakaa.

“Na yenyewe iliyochapwa iko wapi?”

“Mjomba anayo. Yuko kwa muuza kahawa mbele ya kwenu tangu saa saba, hajui aingie au arudi.”

Mwajabu akavuta simu, akapiga duka la dawa lililopakana na kwao.

“Niitie shangazi, tafadhali.” Akangoja, akijifuta macho kwa ncha ya ushungi. “Shikamoo, shangazi. Kuna mzee hapo kwa muuza kahawa, ana bahasha. Mkaribishe ndani. Ndiyo, shangazi. Ni mie huyuhuyu niliyekataa.”