Modemu ya Mzee Lesikar

Asubuhi ya Jumatatu Mzee Lesikar alirudi kutoka mferejini, buti zimejaa matope. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji hapa Olmotonyi. Kazi yake ni kuangalia kila shamba linapata maji kwa zamu. Mkewe, Theresia, alikuwa jikoni anachuja maziwa.

Binti yao Naserian alikuwa sebuleni. Alivaa blauzi ya kwenda kanisani na kukaa mbele ya kompyuta. Alikuwa kwenye usaili wa kazi.

Naserian amesomea mifugo. Tangu amalize chuo alikuwa nyumbani, hana ajira. Shirika moja la Dodoma lilitaka mtu wa kutembelea wafugaji upande huu wa Mlima Meru. Mtu huyo angetuma taarifa akiwa nyumbani kwake. Usaili wenyewe ulikuwa kwa video.

"Naserian, unatusikia?" aliuliza mama mmoja kwenye kompyuta.

"Nawasikia, mama."

"Haya, tueleze kidogo kuhusu..."

Sauti ikakatika. Picha ikaganda, yule mama yuko mdomo wazi. Naserian akasubiri. Ilirudi, ikaganda tena. Baadaye simu yake iliita.

"Binti, tumekusikia nusu nusu," alisema yule mama. "Tutarudia Ijumaa saa nne asubuhi. Lakini kazi hii inataka mtandao mzuri nyumbani. Tukishindwa kusikilizana tena, tutamchukua mwingine."

"Nimeelewa, mama. Asante."

Mzee Lesikar alisimama mlangoni. "Ni bando," alisema. "Bando ni dogo. Nitanunua kubwa."

Alinunua kubwa. Jumanne neti ilikuwa vilevile. Video ilizunguka tu bila kufunguka.

"Hawa wanatuibia," alisema Mzee Lesikar.

"Nenda mjini basi, mwanangu," alisema Theresia. "Ukafanyie huko usaili."

"Yeyo," Naserian alimjibu mama yake, "kazi nitafanyia hapa. Wanataka kuona kama neti ya hapa inafaa."

Naserian hakubishana zaidi. Alivaa viatu akaenda kwa Ummy.

Ummy ana duka la stationari kwenye njia ya kwenda chuo cha misitu. Anachapa kazi za wanafunzi na kuwatumia maombi yao kwa intaneti. Watu wakikwama na simu au kompyuta, humwendea yeye. Jumatano mchana alifunga duka akaja.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, chai iko tayari."

"Nitakunywa, mama. Modemu yenu iko wapi?"

Theresia alitoa ufunguo. Alifungua kabati la vyombo, akasogeza vikombe alivyopewa siku ya harusi. Nyuma ya vikombe kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Chini ya kitambaa ndipo ilipokuwa modemu, kile kifaa kidogo chenye laini ndani ambacho husambaza intaneti nyumba nzima. Waya wa umeme uliingia kwa tundu ambalo Mzee Lesikar alilitoboa nyuma ya kabati.

Ummy aliigusa. "Ya moto."

"Ni kitu cha thamani," alisema Theresia. "Nikiiacha mezani, mgeni ataimwagia chai."

"Kweli, mama. Lakini hii inafanya kazi kwa kupokea mawimbi kutoka kwenye mnara. Humo kabatini mawimbi yanafika yamechoka. Ukuta unayapunguza. Mabati juu yanayapunguza. Vikombe navyo vimo. Halafu ukiifunika inapata joto, na ikipata joto inapunguza kazi."

"Na bando langu?" aliuliza Mzee Lesikar. "Nimenunua kubwa."

"Tuangalie salio kwanza." Ummy aliangalia. "Lipo, tena jingi. Baba, bando ni kama maji ndani ya tangi. Ukiongeza, unakaa nayo siku nyingi. Bomba halinenepi. Bando likiisha, hapo neti itasimama au itakwenda polepole. La kwenu halijaisha, kwa hiyo kosa haliko hapo."

Mzee Lesikar alikunywa chai bila kusema neno.

"Sasa tutabadilisha kitu kimoja kimoja," alisema Ummy. "Tukibadilisha vyote pamoja, neti ikipona hatutajua dawa ilikuwa ipi."

Alipima kasi ya neti kwa simu yake, modemu ikiwa kabatini. Ilikuwa ndogo sana. Akaizima modemu, akaitoa nje ya kabati, akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Waliiweka kwenye dirisha la upande wa mlima. Ilionyesha mstari mmoja wa mawimbi. Wakaihamishia dirisha la upande wa barabara, juu ya stuli ndefu. Mistari ikawa mitatu.

"Mnara uko upande huu," alisema Ummy. Alipima tena. Kasi ilikuwa imepanda.

Naserian alifungua video. Ilicheza vizuri kidogo, kisha ikaganda.

"Nilisema wanatuibia," alisema Mzee Lesikar.

"Inawezekana, baba. Ngoja tuone nani anakunywa."

Ummy alifungua ukurasa wa modemu kwenye kompyuta. Palikuwa na majina ya simu zote zilizounganishwa wakati ule.

"Nyumbani mko watatu," alisema. "Mbona hapa naona simu kumi na tisa? Hii imeandikwa Koikai Boda."

Theresia alishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Watu wa jumuiya walikuja kusali, wakaomba paswedi. Ningewanyimaje watu wa Mungu?"

"Paswedi yenyewe ni ipi?"

"Jina la ng'ombe, mara mbili."

"Sidai?"

"Ndiyo, Sidai."

"Mama, Sidai anajulikana mpaka Sombetini."

Naserian alisogeza pazia. Nje ya ua vijana wa bodaboda walikaa juu ya pikipiki zao, vichwa vimeinama kwenye simu. Zamani kijiwe chao kilikuwa njia panda.

"Mimi nilidhani wamefuata kivuli," alisema Theresia.

"Kivuli gani, yeyo? Hapo hakuna hata mti."

Ummy aligeuza kompyuta ili mzee aone. "Neti inayoingia hapa ni moja, baba. Tuseme huyu anaangalia mpira. Huyu anapakua filamu. Huyu simu yake inajisasisha yenyewe, hata hajui. Naserian anapata kinachobaki."

Mzee Lesikar aliitazama ile orodha muda mrefu.

"Yaani mimi niko shamba la mwisho," alisema. "Kwenye mfereji wangu mwenyewe."

Aliweka kikombe chini akatoka nje.

"Atagombana nao," alisema Theresia.

Walimsikia kupitia dirishani.

"Shikamoo mzee," alisema Koikai.

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

"Tunasubiri abiria."

"Abiria anapita humo kwenye simu?"

Wenzake Koikai walicheka.

"Koikai, ukifungulia maji siku isiyo zamu yako, kamati inakufanya nini?"

"Faini, mzee."

"Na mimi nikufanye nini?"

Koikai aliingiza simu mfukoni. "Mzee, sisi tulijua umetoa kwa wote. Hata mwinjilisti anatumia."

Mzee Lesikar alirudi ndani akakaa. "Hata mwinjilisti," alimwambia mkewe. Theresia aliangalia pembeni.

"Nibadilishe paswedi?" aliuliza Ummy.

"Badilisha. Lakini kuwafungia kabisa sitaweza. Kesho nitakutana nao mferejini."

"Hii modemu inaweza kutoa njia mbili. Moja ya familia, moja ya wageni, kila moja na paswedi yake. Ya wageni unaiwasha unapotaka na kuizima unapotaka. Ila kumbuka, baba, laini imesajiliwa kwa jina lako. Mtu akifanya ubaya kwa neti hii, utaulizwa wewe."

"Basi wageni watapata Jumamosi mchana," alisema Mzee Lesikar. "Ndani ya ua, nikiwa nimekaa hapo. Hiyo ndiyo zamu yao."

Ummy aliweka paswedi mpya ya familia, ndefu, yenye herufi na namba zisizo na jina la mtu wala la mnyama. Kisha alichukua simu ya Theresia. Ilikuwa inapakua yenyewe kila video ya kwaya iliyotumwa kwenye kundi. Alimwonyesha pa kuzima.

"Kumbe na mimi nilikuwa nakunywa," alisema Theresia.

Ummy alipima tena. Safari hii video ya Naserian ilicheza mpaka mwisho.

"Kesho saa nne asubuhi nipigie kwa video nikiwa dukani," alisema Ummy. "Tupime saa ileile ya usaili. Asubuhi na jioni hazifanani, jioni watu wengi wako kwenye mnara. Na Ijumaa ikitokea inakwama, zima picha, bakiza sauti. Sauti inahitaji neti ndogo."

Alhamisi walijaribu. Waliongea mpaka mteja wa Ummy akalalamika kwamba hahudumiwi.

Ijumaa Theresia alizima simu yake. Mzee Lesikar alivua buti akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Naserian alikaa mbele ya kompyuta, dirisha la barabara likiwa mkono wake wa kulia.

"Leo tunakusikia vizuri," alisema yule mama wa Dodoma. "Jumatatu kulikuwa na shida gani?"

"Sababu zilikuwa nyingi, mama. Tulipima, tukabadilisha kitu kimoja, tukapima tena. Mpaka tukazipata."

Yule mama aliandika. "Sawa. Umefika kwa mfugaji. Ng'ombe wake amepunguza maziwa. Mfugaji ameshanunua dawa ya gharama, anataka umchome ng'ombe sindano sasa hivi. Utafanyaje?"

"Sitamchoma. Nitaomba ile dawa tuiweke pembeni. Nitauliza ng'ombe anakula nini, anapata maji kiasi gani, alizaa lini, anakamuliwa na nani. Nitamshika kiwele nione kama kina joto. Nikijua sababu ndipo nitaongea habari ya dawa."

"Huyo mfugaji ni mzee, ana heshima zake. Akikasirika?"

Naserian alimtazama baba yake. Mzee Lesikar alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Atanyamaza kidogo," alisema Naserian. "Nami nitasubiri. Halafu atakwenda kuangalia mwenyewe."

Yule mama alicheka. Usaili uliendelea mpaka mwisho, na picha haikuganda hata mara moja.

Wiki iliyofuata shirika lilimpigia Naserian kumwambia kazi ni yake. Alianza na wafugaji wa Olmotonyi. Taarifa yake ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye picha za ng'ombe na za mabanda yao. Aliituma akiwa sebuleni asubuhi, na jibu la Dodoma likaja kabla chai yake haijapoa.