Viatu Vilivyokataa Kuchakaa

Kila jioni, kabla mama hajarudi kutoka kazini, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na shughuli yake ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alibandika maji jikoni, akayaepua yakiwa ya uvuguvugu, akayamimina kwenye beseni na kutia chumvi kidogo. Kisha aliliweka beseni karibu na mlango, akasubiri. Shuleni alikuwa na jina jingine kabisa, lakini nyumbani na mtaani aliitwa Kwanini, kwa sababu tangu aanze kusema, neno hilo halikubanduka mdomoni mwake.

Mama yake alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Ni kazi ya kusimama kutwa. Ukimaliza rundo hili unaletewa lile, na pale kwenye meza za pasi hakuna kiti. Mama alikuwa akirudi anachechemea, anajitupa kwenye kiti cha kwanza anachokutana nacho, anatumbukiza miguu majini na kufumba macho. Baada ya muda ndipo anakumbuka kusalimia. "Haya, hamjambo humu ndani?"

Sasa, jambo lililomtatiza Kwanini ni kwamba beseni lile lilipaswa kuwa limekwisha kustaafu. Mwezi mmoja nyuma mama alinunua viatu vipya vya kazi. Jirani yao muuguzi, ambaye naye hushinda amesimama wodini, ndiye aliyemwelekeza duka. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini, vyenye soli nene inayobonyea ukiikanyaga. Baba aliposikia bei yake aliuliza kama wanauza pamoja na miguu.

"Kiatu ni kiatu," baba alisema siku ile. "Hata vya bei nafuu vinafunika vidole."

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kitako asubuhi hadi jioni. Kwanini hakumwachia hoja hiyo ipite hivi hivi. "Baba, wewe kazi yako ni ya kuketi. Kwa nini uwe hakimu wa miguu ya watu wanaosimama?"

Baba alicheka mpaka akakubali. Lakini pesa yenyewe ilikuwa imewekwa kwa ajili ya meza ya Kwanini ya kusomea, na ni Kwanini mwenyewe aliyesema meza ingoje. Aliendelea kufanya kazi zake za shule juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwekewa ubao, shingo ikimuuma, huku akijiambia kwamba walau miguu ya mama itapona. Kila asubuhi alimwona mama akiondoka na vile viatu, kamba zimefungwa vizuri, na kila jioni akimwona anarudi navyo. Na miguu ilikuwa ile ile, imevimba vile vile.

Jumatano moja baba alizima cherehani, akageuka. "Wenzangu, tukubali tumeliwa. Muuguzi anasema vyake vimekwisha, na vya mama bado viko kama vimetoka dukani leo. Yuko tayari kuvichukua. Aje Jumamosi avibebe, pesa irudi, Kwanini apate meza yake."

Mama alitazama maji ya kwenye beseni. "Kama mmeona hivyo, sawa," alisema.

Kwanini alitakiwa kufurahi. Aliitaka ile meza kuliko alivyokuwa tayari kusema. Lakini moyo wake ulikuwa umevurugika, hata hakujua aanzie wapi kuupanga. Kama viatu ni vibaya, basi yeye ndiye aliyemponza mama kwa kelele zake. Kama ni vizuri, kwa nini miguu inauma? Baba alipotoka kwenda kuoga, akasogea.

"Mama, vinabana?"

"Havibani."

"Ni vigumu?"

"Vigumu wapi? Laini kama mkate."

"Sasa kwa nini miguu bado inauma?"

Mama aligeuza uso kidogo. "Sijui, mwanangu. Labda miguu yangu tu haina bahati."

Kwanini hakuwahi kusikia ugonjwa wa miguu isiyo na bahati. Kesho yake baada ya shule alipita kwa jirani muuguzi, akamkuta ameketi kizingitini, viatu vyake viko kando. Vilikuwa ndugu wa viatu vya mama, duka moja na sampuli moja, ila hivi vilikuwa vimeteswa. Ngozi imekwaruzika, mbele kuna madoa ya dawa, soli imelika upande mmoja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuuliza nini leo?" Muuguzi alimjua vizuri.

"Hivi viatu vinasaidia kweli?"

"Tangu nivivae nimesahau kwamba nina miguu. Nakumbuka nikivivua."

"Mbona vya mama havimsaidii?"

Muuguzi alifikiri, akainua mabega. "Hapo na mimi sielewi. Namwona anatoka navyo kila siku. Na anavyovitunza mwenzangu yule, viko safi kabisa."

Kwanini alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Wanawake wawili, kazi ya kusimama, kiatu kile kile, mmoja kasahau miguu na mwingine analala akiipapasa. Mama aliporudi na kuvua viatu, Kwanini alikichukua kimoja, akakigeuza. Mifereji ya soli ilikuwa safi, haina hata kona iliyolika. Akaumiza kichwa, akapata jibu alilodhani ni la akili sana. Soli hii ni ngumu kupita kiasi, ndiyo maana haichakai, na ndiyo maana inaumiza. Alimweleza baba, na baba akasema huenda mama kauziwa vya bandia. Mama alisikia yote mawili, akaendelea kumenya vitunguu.

Ijumaa shule ilifungwa mapema. Kwanini alipofika nyumbani, baba alimwonyesha chombo cha chakula kilichosahauliwa mezani. "Mpelekee mama yako kiwandani. Akishinda na njaa, leo atarudi anatambaa."

Mlinzi wa kiwanda alimruhusu kuingia. Ndani mlikuwa na joto na mvuke uliofanya sura za watu zionekane nusu nusu. Sakafu ya saruji ilikuwa imelowa, na harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka ilimwingia puani akapiga chafya. Meza za pasi zilipangwa safu, na kwenye meza ya tatu Kwanini aliuona mgongo wa mama. Alifungua mdomo amwite. Kisha macho yakashuka chini ya meza.

Kwanza alidhani amekosea mama. Miguu iliyokuwa pale ilivaa kandambili za zamani, nyembamba kama karatasi, kisigino cha moja kimetoboka hadi saruji inaonekana. Ukapumzishwa wa kulia, ukapumzishwa wa kushoto, tena wa kulia. Kwanini alitazama juu. Kwenye rafu, katikati ya taulo safi zilizokunjwa, kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko, viatu vyeusi vilikuwa vimekaa raha mustarehe.

"Mama?"

Mama aligeuka, akaona mtoto anakotazama, akairudisha miguu nyuma upesi kama mwanafunzi aliyekutwa na daftari la mwenzake.

"Kwani huvivai?" Kwanini aliuliza.

"Navivaa. Nakuja navyo, narudi navyo."

"Njiani tu? Kutoka kituo cha basi hadi hapa?"

"Punguza sauti." Mama alishusha pasi. "Wewe huoni sakafu ilivyo? Maji, dawa, wanga wa mashuka unadondoka. Kitu cha bei ile niingie nacho humu kiharibike? Wiki ya kwanza nilisema nitavivaa kesho. Kesho ikifika, nikiviona vinavyong'aa, moyo unakataa. Maishani mwangu sijawahi kuwa na viatu vizuri hivyo."

Kwanini alihisi hasira na huruma vimempanda kwa pamoja, na hakujua kipi kitoke kwanza. Kilichotoka kilikuwa machozi. "Mimi nimeandikia juu ya ndoo mwezi mzima, ili viatu vipande rafu?"

Mama alimvuta mtoto karibu, akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Mlivyoanza kusema ni vibovu, nikaona aibu kusema ukweli. Nikaona afadhali vilaumiwe viatu."

Msimamizi wa kile chumba, mama wa makamo ambaye wafanyakazi wote humwita Shangazi, alikuwa amekuja kuangalia kwa nini pasi imesimama. Alikuwa amesikia ya kutosha. Hakufoka. Aligusa mpini wa ile pasi ya mvuke iliyokuwa juu ya meza.

"Dada, unajua katika chumba hiki hakuna kitu cha bei kubwa kama hii pasi?"

"Najua, Shangazi."

"Basi tuifunge kwenye mfuko, tuiweke rafuni isichafuke. Mashuka tuyanyooshe kwa viganja."

Wanawake wa meza za jirani waliangua kicheko, na mama mwenyewe akacheka bila kupenda. Shangazi aliendelea kwa sauti ya chini, akimtazama Kwanini kama vile somo ni lake pia. "Kiatu cha kazi kina gharama kwa sababu kinakwenda kuteseka badala yako. Ukikihurumia, mateso yanarudi kwako. Na wewe mtoto, umefanya vizuri kuuliza. Ila siku nyingine anza kwa kuuliza kitu kinavyotumika, kabla hujauliza kama ni kizuri au kibaya."

Kwanini alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya rafu, akaushusha mfuko. Fundo lilikuwa limekazwa haswa, akalifungua kwa meno. Alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akamvisha mama viatu, akafunga kamba. Hata dakika kumi hazikupita, tone la dawa likaangukia kiatu cha kushoto na kuacha doa jeupe. Mama alifumba macho kama aliyechomwa sindano. Kisha akafumbua, akashika pasi, kazi ikaendelea.

Jioni ile mama alimweleza baba kila kitu kabla hata hajakaa. Alisema bila kuzunguka. Baba alisikiliza, akataka kucheka, akaona uso wa Kwanini, akaacha. "Na mimi nilimsingizia muuza duka wa watu," alisema. Muuguzi alipokuja Jumamosi na pesa mkononi, mama alimwomba radhi na kumweleza ukweli ule ule.

"Nipe mwezi mmoja wa kuvivaa kweli kweli," mama alisema. "Vikishindwa, utavichukua."

"Vikiwa na madoa?"

"Na madoa yake yote."

Muuguzi alitazama lile doa jeupe, akatabasamu. "Hutanipa. Sasa naona umevianza."

Maumivu hayakuisha kwa usiku mmoja, na Kwanini, aliyetaka miujiza, alianza tena kuwa na wasiwasi. Siku nyingine mama alirudi na nafuu, siku nyingine bila. Kidogo kidogo uvimbe ulipungua. Ikafika jioni moja mama akaingia, akasalimia kwanza, akaenda moja kwa moja jikoni kuonja chakula, akabaki amesimama pale akizungumza na baba kuhusu kodi ya nyumba. Kwanini alibaki mlangoni na beseni lake mkononi, hajui aliweke wapi.

Siku ya wazazi kutembelea shule ilipofika, mama alitokea kiwandani moja kwa moja. Alikuwa amebadili nguo na kuvaa gauni zuri, lakini miguuni alivaa vile viatu. Kufikia wakati huo vilikuwa na madoa meupe mbele, mkwaruzo ubavuni, na wanga uliokauka kwenye kamba. Mama wa mwanafunzi mmoja alivitazama, akamnong'oneza mwenzake. Kwanini aliona. Uso ulimwaka kwa aibu. Yeye ndiye aliyevipigania vivaliwe, yeye ndiye sasa aliyetamani mama avifiche chini ya benchi. Alijishangaa, na hakujielewa hata kidogo.

Darasa lao lilikuwa ghorofa ya tatu. Walipopanda ngazi Kwanini alitembea nyuma, macho yakiwa bado kwenye yale madoa, mpaka akagundua kwamba ameachwa. Mama alikuwa amefika juu anamsubiri, hakushika ukuta, wala hakuhema.

"Unaangalia viatu," mama alimuuliza, "au unaangalia ninavyotembea?"

Kwa mara ya kwanza, Kwanini alikosa hata swali.

Mama alishuka vidato viwili, akamshika mkono. "Nilidhani natunza mali, mwanangu, kumbe nilikuwa nalipa mara mbili. Nililipa dukani, halafu nikalipa tena kwa miguu yangu. Ukiwa mkubwa ukanunua kitu cha kukusaidia kazi, usikiangalie bei ukaogopa kukigusa. Kitumie kwa ile kazi uliyokinunulia, na kikikushinda sema ukweli mapema, watu wajue pa kukusaidia. Haya, twende nikaone hizo alama zako kabla mwalimu hajafunga mlango."

Wakaingia darasani pamoja. Mwalimu alimwonyesha mama kiti, lakini mama alisema asijali, atasimama.